Ukombozi: Kwa Nini Mkombozi Alipaswa Kuwa Ndugu

Waumini wengi hapa Moshi wakiulizwa ukombozi ni nini huitaja damu ya Yesu, na hawakosei, kwa kuwa Waefeso 1:7 huufungamanisha ukombozi na damu hiyo na msamaha wa dhambi. Hata hivyo mizizi ya fundisho hili imo katika Agano la Kale, na asiyeanzia huko hujua gharama iliyolipwa bila kumjua vyema aliyeilipa.

Mambo ya Walawi sura ya 25 inamwagiza jamaa wa karibu akomboe shamba ambalo nduguye ameliuza kwa umaskini, na pia inaruhusu ndugu aliyejiuza kwa mgeni akombolewe na watu wa ukoo wake. Wanaoishi kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, wataelewa upesi, maana wanajua uchungu wa ardhi ya mababu kuangukia mikononi mwa mtu baki, na jinsi macho ya wazee yanavyomgeukia mwanaukoo mwenye uwezo. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi alitimiza wajibu huo kwa Naomi na Ruthu, baada ya jamaa aliye karibu zaidi kukataa akihofia kuuharibu urithi wake.

Lakini Zaburi ya 49 inatamka wazi kwamba hakuna mwanadamu awezaye kumkomboa nduguye na mauti, kwa sababu fidia ya nafsi ni kubwa mno. Hapo ndipo penye uzito wote: anayepaswa kukomboa ni ndugu, na hakuna ndugu aliye na uwezo. Waebrania 2 inajibu kwamba Mwana wa Mungu alishiriki damu na nyama, akafananishwa na ndugu zake katika mambo yote, ili kwa mauti yake awaweke huru waliokuwa utumwani. Kwa hiyo Krismasi na Ijumaa Kuu hazitenganishwi. Yesu mwenyewe, katika Marko 10:45, anasema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi.

Fidia hiyo alipewa nani? Origen, mwalimu wa Kanisa la kale katika karne ya 3, alidhani ni Shetani. Gregory wa Nazianzus, askofu wa karne ya 4, alilikataa wazo hilo kwa ukali, na ninaona alikuwa na haki, kwa kuwa Maandiko hayampi Shetani dai lolote la kulipwa.

Ndiyo maana nasikitika sana mjane anapoambiwa atoe fedha, iitwayo sadaka ya ukombozi, ili laana ya ukoo imwondokee. Petro aliwaandikia waumini kwamba hawakukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo.