Krimu au kijivu kwenye sebule yenye baraza pana

Watu wengi wanaomalizia nyumba wakinipigia simu huwa wameshaichuja kadi nzima ya rangi wakabakiwa na mbili, na hapo ndipo wanapokwama. Kwa Dar es Salaam miaka hii mbili hizo mara nyingi ni krimu na kijivu hafifu. Krimu wameikuta kwa wazazi wao. Kijivu wamekiona kwenye picha za nyumba mpya mitandaoni. Wanachotaka ni fundi ataje moja, kazi ianze.

Kabla sijataja, naangalia kwanza vitu ambavyo mwenye nyumba hana mpango wa kuvigusa: kilichopo nje ya dirisha, marumaru za sakafuni na taa za dari. Hivyo ndivyo vitakavyoipaka rangi yako rangi nyingine baada ya mimi kuondoka.

Nyumba zetu nyingi zina baraza pana mbele, vioo vya giza madirishani, na mwembe au mwarobaini uani. Mwanga unaoingia sebuleni hapo si jua lenyewe. Umeshagonga majani, ukagonga sakafu ya baraza, ukagonga uzio wa jirani, ndipo ukaingia ndani ukiwa umefifia na umebeba rangi ya kila ulichokigusa. Kijivu chenye asili ya bluu hakina cha kujitetea hapo. Dukani kilikuwa safi na cha kisasa. Ukutani kinafanana na plasta ambayo haijapakwa, na mgeni anauliza mtamaliza lini. Krimu kwenye kivuli hichohicho hupoteza kidogo tu, kwa sababu hurudisha mwanga mwingi zaidi. Kampuni nyingi za rangi hupima jambo hilo kwa kipimo cha 0 hadi 100, na baadhi huandika namba yake nyuma ya kadi: krimu nyepesi kwa kawaida huwa juu ya 70, wakati kijivu hafifu nyingi huwa kati ya 50 na 65. Kwenye chumba cha kivuli tofauti hiyo unaiona saa nane mchana, pale unapolazimika kuwasha taa.

Hapa niseme jambo linalonisumbua sana. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani. Unaambiwa chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, kwa hiyo kipake rangi yenye joto. Ni kweli kwa London, ambako dirisha la kaskazini karibu halipati jua. Dar es Salaam iko takribani digrii 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri linasimama upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linahamia kusini. Dirisha la kaskazini lisilo na baraza hapa linapata jua sehemu kubwa ya mwaka. Ukifuata ushauri ule ukapaka krimu humo, kuta zinapeana mwanga, kila moja inaiongezea mwenzake unjano, na krimu uliyoichagua kwa upole wake inageuka manjano kamili. Chumba cha namna hiyo ndicho hasa kinachokipendeza kijivu. Kwa hiyo usianze na dira, anza na kivuli: simama katikati ya sebule saa sita mchana, taa zimezimwa, uone kama unaweza kusoma gazeti bila kulisogeza dirishani.

Marumaru nazo zina kauli nzito, maana hakuna anayezibomoa kwa sababu ya rangi. Weka karatasi nyeupe ya kawaida juu ya sakafu, kisha weka kipande cha kadi juu yake. Hapo ndipo asili ya rangi inajitokeza: kijivu ulichodhani ni kijivu tu kinaonyesha bluu, kijani au zambarau, na krimu inaonyesha njano au waridi. Marumaru zenye asili ya udongo au kahawia hazipatani na kijivu cha bluu. Zile nyeupe zenye mishipa ya kijivu huichafua krimu, ikaonekana kama nyeupe iliyozeeka.

Kosa linalowapoteza watu wakiwa na rangi mbili mkononi ni kuzipaka zote mbili ukutani, mraba kando ya mraba. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye Gobelins, karakana ya kufuma mazulia ya ukutani mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza akakuta rangi haina tatizo. Nyuzi za bluu na zambarau zilizokaa jirani ndizo zilizoidhoofisha machoni. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1839, na ukuta wako unayathibitisha leo. Krimu ikikaa kando ya kijivu inaonekana ya njano kuliko ilivyo, na kijivu kinaonekana cha bluu kuliko kilivyo. Unaishia kuchagua kati ya rangi mbili ambazo hazitakuwepo.

Badala yake omba vipande viwili vya jipsamu vilivyobaki darini, kila kimoja kama sentimita 60 kwa 60. Kipake koti ya nyeupe, halafu koti mbili za rangi yenyewe, ukiache kikauke kabisa, kwani rangi ya maji ikikauka huwa imekoza kuliko ilipokuwa mbichi. Leta kipande kimoja tu sebuleni kwa siku nzima. Kihamishe: ukuta wa dirisha, ukuta unaolitazama dirisha, kona ya televisheni. Kesho yake lete cha pili.

Usisahau usiku, maana wengi wetu sebuleni tunakaa baada ya magharibi. Taa iliyoandikwa 6500K kwenye boksi ina weupe wa kuelekea bluu. Inakifanya kijivu kiwe cha baridi zaidi. Ya 3000K ina unjano wa balbu za zamani na inaikoleza krimu. Kubadilisha taa ni nafuu kuliko kupaka upya.

Mama mmoja mwenye nyumba ya aina hii, baraza pana na marumaru za rangi ya udongo, aliniuliza, "Fundi, krimu si ya kizamani?" Nikamjibu, "Mama, uzamani ulikuwa kwenye mng'ao wa mafuta na dari ya njano. Tuipake isiyong'aa, dari tuiache nyeupe." Ndivyo tulivyofanya, na kijivu alichokipenda tukakipeleka chumba cha wageni, ambako jua linaingia bila kizuizi. Kwa sebule ya kivuli yenye sakafu ya udongo msimamo wangu ni huo: krimu, isiyong'aa. Silki, yaani rangi yenye mng'ao kidogo, iache kwa korido na ngazi, panapopita mikono ya watoto, lakini ujue inaonyesha kila bonde la plasta.

Ukishaamua, nunua yote siku moja. Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kuta za mita 3 ina mita za mraba 54. Toa milango na madirisha, zinabaki kama 45. Koti mbili ni 90, na lita moja hufunika takribani mita za mraba 10 kwenye ukuta laini. Galoni mbili za lita 4 na kopo la lita moja zinatosha. Zichanganye zote kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza, kwa sababu hata mashine ileile ya kuchanganyia rangi dukani haitoi rangi ileile mara mbili kwa uhakika, kisha andika namba ya mchanganyiko kwenye mfuniko wa kopo utakalohifadhi baki.