Je, wajua ni nini hasa kilichoikwamisha benki ya TSB mwaka 2018?

Mwishoni mwa wiki ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha akaunti za wateja wake milioni 5.2 kutoka mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine. Mfumo mpya ulipofunguliwa, wateja wapatao milioni 1.9 walishindwa kuzifikia akaunti zao kwa simu na kwa intaneti, na baadhi ya waliofanikiwa kuingia walionyeshwa akaunti za watu wasiowajua. Kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoonekana kwa macho, wengi wameendelea kuamini kwamba data zilichanganyikana njiani, au kwamba mfumo wa zamani ulichoka ukaanguka. Imani zote mbili si sahihi, na inafaa kuona kwa nini.

TSB ilitenganishwa na Lloyds, benki nyingine ya Uingereza, mwaka 2013, kutokana na sharti la Tume ya Ulaya baada ya Lloyds kuokolewa kwa fedha za serikali, kisha benki ya Sabadell ya Hispania ikainunua mwaka 2015. Muda wote huo iliendelea kutumia mfumo wa kompyuta wa Lloyds, ikiulipia. Sabadell ilitaka ihamie Proteo4UK, mfumo uliojengwa na kuendeshwa na SABIS, kampuni ya teknolojia iliyo ndani ya kundi hilohilo la Sabadell.

Tuanze na data. FCA na PRA, mamlaka mbili zinazosimamia mabenki nchini Uingereza, zilieleza katika uamuzi wao wa Desemba 2022 kwamba data zenyewe zilihamishwa salama. Kilichoharibika papo hapo ni mfumo mpya uliozipokea. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Mteja akionyeshwa akaunti isiyo yake, haina maana kwamba salio limeandikwa kwa jina la mtu mwingine: rekodi inaweza kuwa mahali pake hasa, huku kosa likiwa katika programu inayopokea ombi la mteja na kumrudishia jibu.

Kuhusu mfumo wa zamani, huo uliwahudumia wateja hadi Ijumaa ile ya mwisho. Ni kweli kwamba mifumo mikongwe ina matatizo yake: wataalamu wake hustaafu, na taratibu nyingi za biashara huwa zimefichwa ndani ya programu pasipo mtu kuziandika popote. Hata hivyo, mfumo uliokwisha kubeba msongamano wa siku za mishahara mwaka baada ya mwaka una sifa moja ambayo mfumo mpya hauwezi kuzaliwa nayo, kwamba sehemu kubwa ya makosa yake imekwisha kujulikana.

Proteo4UK ilitegemea vituo viwili vya data, yaani majengo yenye kompyuta zinazoendesha mfumo, vilivyopaswa kufanya kazi kwa pamoja na kufanana kwa kila kitu. Chukua shughuli ya harusi yenye majiko mawili yanayopakua kwa wakati mmoja, ambapo wageni hugawanywa nusu kwa nusu, na jiko moja likizimika jingine hubeba wote. Mpango huo ni mzuri mradi majiko yawe sawa kweli. Sasa wapishi wakilijaribu jiko moja tu, wakaridhika, ilhali lile la pili lina mtungi uliofungwa vibaya, kasoro hiyo haitajulikana mpaka wageni wamekwisha kuketi. Ndivyo ilivyokuwa TSB: vituo viwili havikuwa vimepangwa sawasawa, na majaribio ya kupima uwezo wa kubeba mzigo yalifanyika katika kituo kimoja tu. Wateja kwa upande wao walipokewa karibu wote kwa mkupuo, kwa sababu benki ilichagua kuhama mara moja badala ya kuhama kwa mafungu.

Je, bodi ya benki haikuuliza kama mambo yako tayari? Iliuliza, nayo SABIS ikathibitisha kwa barua. Lakini SABIS yenyewe iliwategemea wakandarasi wengine 85, na uchunguzi wa kampuni ya mawakili ya Slaughter and May, uliochapishwa Novemba 2019, uliona kwamba uthibitisho huo ulieleza zaidi yaliyotarajiwa kuliko yaliyokwisha kuhakikishwa. Bodi ya TSB haikukubaliana na baadhi ya hoja za ripoti hiyo, kwa hiyo isichukuliwe kuwa neno la mwisho. Hata hivyo kampuni ya teknolojia ya IBM, iliyoitwa kusaidia baada ya tatizo kutokea, nayo ilisema katika tathmini yake ya awali kwamba haikuona ushahidi wa vigezo vikali vya kuthibitisha kwamba mfumo ulikuwa tayari kuanza kazi.

Huduma hazikurudi katika hali ya kawaida kikamilifu hadi Desemba 2018. TSB ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65, ingawa kompyuta zenyewe zilikuwa mikononi mwa SABIS. Aprili 2023 PRA ilimtoza pia aliyekuwa ofisa mkuu wa habari na teknolojia wa benki hiyo, Carlos Abarca, pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutohakikisha vya kutosha kwamba SABIS na wakandarasi wake walikuwa tayari kuuendesha mfumo huo.