Je, wajua mnyororo mmoja wa polima hukunjwaje kuwa chembe ya nano?

Kila protini mwilini huanza ikiwa mnyororo wa asidi amino, na nyingi hujikunja hadi zipate umbo la kufanyia kazi. Christian Anfinsen, aliyetunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) cha ribonyuklezi, chenye asidi amino 124, hurudi kwenye umbo lake chenyewe baada ya kukunjuliwa. Maelekezo yote yamo kwenye mpangilio wa mnyororo. Je, polima ya maabara, yaani molekuli ndefu ya vipande vidogo vilivyoungana kama mnyororo, jamaa ya plastiki tunazotumia kila siku, nayo inaweza kukunjwa hivyo?

Inaweza. Mnyororo mrefu hupachikwa ubavuni vikundi vya atomu vyenye uwezo wa kushikana. Vikichochewa kwa joto, mwanga au kemikali, vinashikana, mnyororo unajikusanya, na inapatikana chembe moja ambayo mara nyingi ina kipenyo cha nanomita 5 hadi 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Kazi ngumu ni kuwazuia majirani. Nyuzi nyingi zikitupwa pamoja kwenye kikapu cha mshonaji, hazijikunji kila mmoja peke yake, zinatatizana. Minyororo nayo, ikisongamana, hushikana yenyewe kwa yenyewe na kugeuka ute mzito. Dawa yake ni kuzimua. Ukiongeza kiyeyusho, minyororo inatengana, lakini vikundi vya mnyororo mmoja vinabaki karibu karibu kwa sababu vimefungwa pamoja. Kwa hiyo nafasi ya kushikana na jirani inapungua, ile ya kushikana ndani haipungui. Ndiyo maana mara nyingi hutumika miligramu 1 tu ya polima, au chini ya hapo, kwa kila mililita ya kiyeyusho. Gramu moja ya chembe inadai lita nzima!

Kundi la mwanakemia Craig Hawker katika maabara ya IBM Almaden, California, lilipata njia mwaka 2002, na kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote. Waliidondosha polima polepole kwenye kiyeyusho chenye joto la nyuzi 250 za Selsiasi. Kila tone lilipoingia, minyororo yake ilijifunga papo hapo, kabla ya tone lililofuata. Iliyokwisha kujifunga haikuwa na mikono ya kuwashika wageni, hivyo chembe nyingi zilitengenezwa ndani ya chombo kimoja.

Utajuaje kwamba mnyororo umejikunja? Hupitishwa kwenye bomba lililojaa shanga zenye vitundu. Molekuli pana haziingii vitunduni, kwa hiyo hutoka mapema. Iliyokunjwa huingia humo na kuchelewa kutoka, ingawa uzito wake haujapungua.

Matumizi yanayosisimua zaidi ni uchocheaji wa kemikali, yaani kuharakisha mmenyuko. Mwaka 2011 kundi la mwanakemia Bert Meijer wa Eindhoven, Uholanzi, lilikunja polima yenye matawi yanayopenda maji na kiini kinachoyakwepa, likaweka rutheniamu, metali ya kuchochea mmenyuko, ndani yake. Mmenyuko ulifanyika kiinini humo huku nje kote ni maji, kama ufanyavyo ndani ya kimeng'enya. Jambo jingine liliwashangaza watafiti mwaka 2003: chembe za polistireni, aina ya plastiki, zilipochanganywa na polistireni iliyoyeyushwa, mnato ulishuka, ilhali kanuni ya Einstein kuhusu chembe zilizo ndani ya kimiminika ilitabiri ungepanda.

Hata hivyo, bado hatujaifikia protini. Ndani ya kiyeyusho kizuri, yaani kinachopatana na polima, vikundi vilivyo jirani kwenye mnyororo ndivyo hushikana kwanza, vikafanya vitanzi vidogo vidogo, na chembe ikabaki legelege badala ya kushikamana barabara. Tena vikundi hivyo kwa kawaida hupachikwa bila mpangilio maalumu, kwa hiyo minyororo miwili ya chombo kimoja haijikunji kwa namna moja, wakati ribonyuklezi hurudia umbo lilelile kila mara.