Acheni kuigawia kila idara rangi yake

Mimi husanifu nembo za taasisi, na ombi ni lile lile kila mara: "Nembo ibaki moja, ila kila idara tuipe rangi yake." Fedha wanachukua kijani, mazingira nao wanadai kijani, na idara tano bado hazijasema neno.

Rangi haiwezi kubeba mzigo huo. Zikishafika saba au nane, bluu ya elimu na bluu ya maji kwa mpita njia ni bluu tu. Halafu tazama zinakoishia. Muhuri una wino mmoja. Barua ikipigwa fotokopi, nyekundu na kijani zote hutoka kijivu. Ukienda kuchapisha fulana Kariakoo kwa skrini, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, kila rangi inataka skrini yake, na kila skrini ina bei yake. Kijani kinachong'aa kwenye simu ni mwanga, yaani RGB (nyekundu, kijani na bluu). Mashine ya kuchapa inatumia wino, yaani CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi), na kijani hicho kinafifia. Kwenye karatasi isiyo na mng'ao kinafifia zaidi, maana karatasi hunywa wino. Sasa zidisha kwa idara zote.

Kinachounganisha taasisi ni vile visivyohama. Kwenye A4 mimi huweka nembo juu kushoto, milimita 15 toka kila ukingo, upana milimita 35. Fonti moja, uzito wa aina mbili: jina la taasisi zito, la idara jepesi chini yake, kwa asilimia 60 ya ukubwa. Idara itambulike kwa jina lake.

Na jina ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Watu husanifu kwa neno "Fedha", linakaa vizuri, wanapitisha. Kisha inakuja "Idara ya Ufuatiliaji, Tathmini na Mafunzo", na mtu anazibana herufi ubavuni mpaka zinakonda. Anza na jina refu kuliko yote. Ruhusu mistari miwili tangu mwanzo. Lijaribu pia kwenye kifua cha shati: herufi za kudarizi zikishuka chini ya milimita 5, nyuzi hufungana na "e" inageuka doa.

Faili ziwe vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ukali. WhatsApp ukituma kama picha huibana nembo. Tuma kama dokumenti. Fonti iwe ya bure ili iwekwe kwenye kila kompyuta, kwa sababu ikikosekana kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, Word itaweka nyingine, na ndiye anayeandika barua kutwa nzima.

Kuna mahali msimamo wangu unalegea. MIT Media Lab, maabara ya utafiti ya chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 2014 ilipata kutoka kampuni ya usanifu ya Pentagram alama tofauti kwa kila kundi la utafiti, zote zikichorwa juu ya gridi moja ya miraba 7 kwa 7, na zinashikamana. Kwa hiyo alama nyingi zinawezekana, kanuni ikiwa ngumu kiasi hicho na yupo wa kuilinda. Zahanati au shule iliyo chini ya taasisi ina watu wanaoijua kwa jina lake. Hiyo ningeipa alama yake, jina la taasisi likae chini. Fedha na Utumishi wanahudumia wenzao wa ndani. Jina linawatosha.