Kupanga haiba kazini: maana yake na namna ya kuitumia

Kupanga haiba ni kuwaweka watu katika makundi kwa kuangalia wanavyozoea kufikiri, kuamua na kuchukuliana na wenzao, kisha kutumia makundi hayo kukisia nani anahitaji nini ili kazi yake iende. Haiba hapa si ile ya mtaani, ya mvuto na umaridadi. Katika saikolojia ni jumla ya mielekeo ya mtu isiyobadilika upesi. Inakaribiana na hulka, lakini si sawa na tabia. Tabia ni kile unachokiona leo, na hicho hugeuzwa na njaa, mshahara uliochelewa, au mkuu wa idara aliyeingia mlangoni ghafla.

Wazo lenyewe ni kongwe. Matabibu wa Ugiriki ya kale waliwagawa watu kwa majimaji manne ya mwili: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Elimu hiyo ilipita kwa matabibu wa Kiarabu, na athari yake bado inasikika Pwani mganga anapozungumzia hari, baridi, yabisi na rutuba. Mgawanyo unaotumika maofisini leo una chanzo kingine: kitabu cha Carl Jung, daktari wa Uswisi, kuhusu aina za watu, kilichotoka mwaka 1921. Mmarekani Katharine Briggs alikisoma akakipenda, na binti yake, Isabel Briggs Myers, akakigeuza kuwa dodoso wakati wa Vita Kuu ya Pili, akitaka watu waliokuwa wakiingia viwandani kwa wingi wapate kazi zinazowafaa. Mama na binti hao hawakusomea saikolojia. Dodoso hilo ndilo linalompa mtu herufi nne, kama INTJ au ESFP, na jumla ya aina ni 16.

Herufi hizo zinajibu maswali manne. Mtu anapata nguvu akiwa na watu au akiwa peke yake? Anaamini kwanza kinachoshikika au picha kubwa ya jambo? Anaamua kwa kupima hoja au kwa kuangalia nani ataumia? Anapenda mambo yafungwe mapema au yaachwe wazi? Mfumo mwingine maarufu ni DISC, unaotokana na kazi ya William Marston ya mwaka 1928, na wakufunzi wengi huufundisha kwa rangi: nyekundu kwa msukuma mambo, njano kwa mchangamfu, kijani kwa mtulivu, bluu kwa mtu wa tarakimu na utaratibu. (Marston huyohuyo ndiye aliyembuni Wonder Woman wa vitabu vya katuni.)

Tatizo la mifumo ya aina liko kwenye kisu kinachokata katikati. Tuseme maswali 20 yanapima ukimya na uchangamfu. Aliyejibu 11 upande wa ukimya anaitwa mkimya, sawasawa na aliyejibu 19, ingawa hawa wawili hawafanani. Aliyejibu 9 anaitwa mchangamfu, ilhali na yule wa 11 wanakaribia kuwa pacha. Watu wengi hukaa karibu na katikati. Kwa hiyo akipimwa tena mwezi ujao akiwa na usingizi mzuri zaidi, majibu mawili yakigeuka, herufi nayo inageuka. Ndiyo maana watu wengi wakirudia dodoso baada ya wiki chache hupata aina tofauti na ile waliyokwisha kuibandika mezani.

La pili ni kwamba maelezo ya aina humgusa karibu kila mtu. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba, akimwambia kila mmoja kuwa ni yake peke yake. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani kati ya 0 na 5, wastani ukawa 4.26. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, na Forer aliyaokota kwenye kitabu cha nyota. Kwa hiyo mfanyakazi anaposema "hii ni mimi kabisa!" hajathibitisha kwamba kipimo ni sahihi.

Watafiti wengi wa haiba hutumia mizani mitano badala ya aina: uwazi kwa mambo mapya, utaratibu na bidii, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hapa mtu hawekwi kwenye chumba, anapewa alama kwenye kila mzani. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi na kukuta kuwa utaratibu na bidii vinaendana na ufanisi katika kazi za kila kundi walilolichunguza, na uchangamfu unasaidia kwa mameneja na watu wa mauzo. Uhusiano wenyewe ni mdogo. Unatosha kuanzishia mazungumzo, hautoshi kumkatalia mtu ajira. Hata wachapishaji wa dodoso la herufi nne wanakataza lisitumike kuajiri.

Kwa ofisi ya watu watano hadi kumi na tano tunapendekeza dodoso la maswali 50 kutoka International Personality Item Pool, hazina iliyoanzishwa na Lewis Goldberg. Halilipiwi na hukamilika kwa dakika 10 hadi 15. Kila mzani una maswali 10, kila swali linajibiwa kuanzia 1 (si kweli kabisa) hadi 5 (kweli kabisa), hivyo alama za mzani mmoja huanzia 10 na kuishia 50. Baadhi ya maswali yameandikwa kinyume, mfano "Huacha vitu vyangu ovyo" kwenye mzani wa utaratibu. Hayo hugeuzwa kwa kutoa jibu kutoka 6: aliyejibu 5 anapata 1. Ukisahau kugeuza, alama zinafutana na wengi wanasogea karibu na 30, halafu ofisi nzima inaonekana ya watu wa kawaida tu.

Tafsiri nayo inaharibu. Swali la Kiingereza likihamishwa neno kwa neno likawa "Mimi ndiye uhai wa sherehe", watu hucheka na kujibu ovyo. "Nikiwapo, mazungumzo huchangamka" linaeleweka. Jihadhari na ukanushi juu ya ukanushi. "Siongei sana" linalojibiwa "si kweli kabisa" linawachanganya hata waliosoma. Andika "Ni mtu wa maneno machache".

Katika ofisi zetu kuna mtego mkubwa zaidi, nao ni kuuchukua ukimya wa cheo kama ukimya wa haiba. Kijana asiyetamka neno kikaoni mbele ya mkurugenzi anaweza kuwa ndiye anayetawala meza kwa mama ntilie saa saba mchana. Huyo anatunza heshima, na kumwandikia kwamba yeye ni mtu wa kujifungia ni kumkosea. Kama unataka kusikia mawazo yake, mwache azungumze kabla ya wakubwa, au apokee ajenda siku moja kabla na kuandika hoja zake.

Alama zikishapatikana, kazi ndiyo inaanza, maana alama peke yake hazimsaidii mtu. Chukua ugomvi wa kawaida: afisa masoko amerudi safari, ameitupa bahasha ya stakabadhi mezani kwa mhasibu.

"Kaka, hii ya mafuta haina tarehe."

"Dada yangu, si upitishe tu? Nimetoka barabarani sasa hivi."

Mhasibu hasemi kitu. Anaandika dokezo kwa mkuu wa ofisi, na wiki nzima hawasalimiani vizuri. Alama zinasema mhasibu ana 46 kwenye utaratibu na 22 kwenye uchangamfu. Afisa ana 27 na 44. Afisa aliona dokezo kama kuchongewa. Mhasibu aliona "upitishe tu" kama kuambiwa kazi yake si kitu. Alama hazikugundua siri yoyote hapo. Zimewapa tu njia ya kulitaja jambo bila kumwita mtu mzembe au mkorofi.

Wakae wawili dakika 15, kila mmoja akiwa na nusu ukurasa aliouandika mwenyewe: nikiwa na kazi nyingi nifikiwe vipi, kitu gani kinanikwaza haraka, nahitaji taarifa mapema kiasi gani. Watoke na makubaliano yanayoweza kuonekana. Kwa hawa: orodha ya vitu vinavyotakiwa kwenye stakabadhi itolewe pamoja na masurufu kabla ya safari, picha za stakabadhi zitumwe WhatsApp kila jioni, mhasibu apige simu kwanza, dokezo lifuate baada ya siku mbili. "Tuheshimiane zaidi" si makubaliano, kwa sababu hakuna atakayejua lini limevunjwa. Matatu yanatosha. Yakifika saba hayakumbukwi.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama ni suala la haiba kweli. Kama mhasibu aliyepita naye aligombana na masoko juu ya jambo hilohilo, tatizo liko kwenye kiti, siyo kwa aliyekikalia: huenda muda wa kurejesha masurufu ni mfupi mno, au hakuna aliyeandika nani anakagua nini. Dodoso hapo litawatwisha watu lawama za utaratibu mbovu. Vilevile mkatize mapema anayejificha nyuma ya rangi: "mimi ni njano bwana, ripoti siziwezi". Haiba inaeleza kwa nini ripoti inamchosha, haimwondolei wajibu wa kuileta.

Majibu ni taarifa binafsi za mtu. Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Omba ridhaa kabla, anayekataa asiulizwe sababu, karatasi za majibu abaki nazo mwenyewe, na zisiingie kwenye faili la utumishi. Mkuu wa ofisi aone makubaliano tu, asione alama.

Baada ya wiki sita angalia kitu kinachohesabika: siku ambazo masurufu yanachukua kurejeshwa, idadi ya hati zilizorudishwa kwa marekebisho, dakika za kikao cha Jumatatu. Kama marejesho yalichukua siku 21 na sasa yanachukua 20, makubaliano hayo yabadilisheni. Msirudie dodoso, katika wiki sita mhasibu bado ana 46 yake.