Mikoko ni mtaa, si ukoo

Juzi nimeletewa picha kwenye simu. Watoto wa skuli moja ya kusini Unguja wamesimama kwenye matope, kila mmoja kashika mche wake, na nyuma yao kuna mti mpana wenye majani ya kijivujivu, umezungukwa na mamia ya vijiti vilivyochomoza ardhini kama penseli. Aliyetuma picha kauzungushia mti ule duara jekundu na kuandika juu yake: "Mkoko".

Si mkoko. Ni mchu.

Ningenyamaza, lakini ni mara ya tatu kwa mwezi huu, na mara ya kwanza ilikuwa redioni. Basi na niseme.

Maana kwanza, kwa haraka. Mtu anaposema "msitu wa mikoko" anakusudia miti inayoota pale ambapo bahari hujaa na kupwa, kwenye tope la chumvi ambalo mti mwingine ungekauka ndani ya wiki. Pwani yetu ina aina kumi hivi za miti ya namna hiyo. Haiipendi chumvi, kama watu wanavyodhani. Inaivumilia tu, na kila mmoja una hila yake. Mkoko huizuia mizizini. Mchu huiacha ipande hadi juu, kisha huitoa kwenye majani. Ukitaka hakika, lamba jani la mchu siku ya jua.

Maana ndiyo hiyo, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba watu wakishasikia "mikoko" hudhani ni mti mmoja, au angalau ndugu wa tumbo moja. Wala si ndugu. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayopinda kama matao ya baraza, una ndugu zake wawili pale topeni: msinzi, ambao wengine huuita muia, na mkandaa. Hawa watatu kweli ni ukoo mmoja. Baada ya hapo kila mti una kwao. Mlilana, unaosimama mbele kabisa ukipigwa na mawimbi, ni jamaa wa mhina na mkomamanga. Mkomafi, wenye matunda makubwa ya mviringo kama mpira wa watoto, ni jamaa wa mwarobaini. Msikundazi, ambao jani lake ukiligeuza chini linang'aa kama fedha, ni wa ukoo wa mbuyu na mbamia. Na ule uitwao mkandaa dume, au kikandaa, si dume la mkandaa wala mtoto wake. Jamaa yake ni mkungu, huo huo tunaouokotea kungu barabarani. Aliyeupa jina aliangalia umbo akaishia hapo, na mimi simlaumu, kwani hata mimi nimeshawahi kuchanganya.

Kwa hivyo mikoko ni jina la mtaa. Ni kama kusema "watu wa Ng'ambo", ule mtaa wa Zanzibar mjini. Wanaishi pamoja, wanapata tabu moja, wanajuana, lakini mmoja kwao Pemba, mwingine kwao Tumbatu, mwingine babu yake alishuka jahazini akitoka Hadhramaut. Ukimwita kila mtu wa Ng'ambo kwa jina la jirani yake utaitikiwa kwa adabu mara ya kwanza tu.

Sasa neno lenyewe, maana hapa ndipo panaponinogea.

Mkoko umetokana na koko. Kamusi za zamani zinaeleza koko kuwa ni kichaka kilichofungamana, na hasa kile cha pwani kilichosimama matopeni. Leo neno hilo peke yake halisikiki sana, lakini limebaki mahala pawili ambapo kila mtu analitumia bila kuliona. Kwanza, mbwa koko. Watu hudhani koko hapo ni tusi, kama vile kusema mbwa asiye na haya. Kumbe ni mbwa wa kichakani, asiye na mwenyewe wala kizingiti cha kulala. Pili, kaa koko, yule kaa mkubwa mwenye magando ya kumkata mtu kidole, anayechimba shimo lake chini ya mizizi na ambaye mahoteli yanamnunua kwa bei ya kutisha. Huyo naye ni kaa wa kokoni. Mbwa wa koko, kaa wa koko, na mti wa koko.

Hapa najua atanyanyuka mbishi, na ana hoja nzuri. Atasema: kama koko ni kichaka kizima, basi mkoko ni mti wowote wa kichaka hicho, na wewe ndiye unayelibana neno. Nimelifikiria hili muda mrefu kuliko inavyostahiki. Jawabu langu ni kwamba neno halikai pale lilipozaliwa. Chuo zamani kilikuwa ni kitabu. Ndiyo maana mtu wa elimu tunamwita mwanachuoni. Kisha kikawa pale watoto wanapokwenda kusoma Kurani, na leo ukisema mtoto yuko chuo watu wanafikiria stashahada. Hakuna anayekwenda dukani akasema "nipe chuo cha kurasa mia mbili". Mkoko nao, hata kama ulianza kwa upana, wenye kuutumia waliubana. Waliubana watu walioingia kokoni na shoka na mtumbwi, na walikuwa na sababu.

Ami yangu alikuwa mmoja wao. Alikata miti upande wa ghuba ya Chwaka, kwenye msitu wa namna hii ulio mkubwa kuliko wote Unguja, na sikuwahi kumsikia akisema "nakwenda mikokoni" bila ya kujua anakwenda kuleta nini. Akitaka boriti alitafuta mkoko au mkandaa, uliosimama wima, mgumu, usioliwa upesi na mchwa. Fundi wa majahazi akimwagiza mataruma, zile mbavu za chombo, alikwenda kwenye mlilana, kwa sababu matawi yake yamejipinda yenyewe na mbao zake zinastahamili maji. Mtu wa kupaka ngozi rangi alitaka ganda la mkandaa, linalotoa wekundu wa kahawia, na ukimpelekea ganda la mchu angekurudishia usoni. Siku moja, nikiwa mdogo, nilimwonesha mti nikamwambia, "Ami, mkoko ule." Akanitazama, akaniuliza, "Magoti yake huyaoni?" Ulikuwa msinzi. Mizizi yake hutoka ardhini, ikajikunja na kurudi chini, kama mtu aliyekaa kitako magoti juu. Mpaka leo siutazami msinzi bila kuyatafuta magoti kwanza.

Na hizo boriti si jambo dogo. Ingia nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe, utazame dari. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na wageni huuliza kwa nini matajiri wale walijenga vyumba kama ushoroba. Jibu limelala juu ya vichwa vyao: boriti hazizidi mita tatu hivi, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaobeba dari lake. Majahazi yalibeba boriti kama hizo kutoka pwani hii hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kwenye nchi zenye uhaba wa miti ya kujengea, na huko nako vyumba vikawa na upana ule ule. Mti mmoja wa topeni umepima nyumba za bahari nzima. Mchu haukufanya hivyo.

Imekuwaje basi mikoko ikarudi kuwa yote? Kwa fikira zangu ni kazi ya tafsiri. Waingereza wana neno moja kwa miti yote hii, mangrove, na lenyewe inasemekana waliliokota kwa Wareno au Wahispania. Ripoti zilipoanza kuandikwa, likatakiwa neno moja la Kiswahili la kulijibu, na likachaguliwa jina la mti unaojulikana zaidi. Huku kwetu wengine walichagua mikandaa, na utawasikia wazee wengi wakisema hivyo hadi leo. Sina neno na hilo. Lugha inahitaji neno la jumla, na mikoko lishaenea. Magazeti nayo yanalipenda. Uchaguzi ukipamba moto utasoma kwamba "mkoko unazidi kualika maua", ingawa ua la mkoko ni dogo, jeupe la maziwa, na mwandishi mwenyewe pengine hajawahi kuliona. Lenye wekundu wa kuvutia macho ni la msinzi.

Tabu huanza pale neno la ripoti linaposhuka matopeni na kupanda miche.

Msitu huu haukujipanga ovyo. Anayeupanga ni bahari, kwa mkono wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mlilana unakaa mbele, pale maji yanapofika kila siku bila kukosa, na mizizi yake inayochomoza ni minene kuliko ya mchu. Nyuma yake, kandokando ya vijito na penye tope laini, unakaa mkoko. Msinzi unaingia ndani kidogo. Mkandaa unapenda palipoinuka, ambapo maji hufika zaidi siku za bamvua kuliko za maji mafu. Mchu ndio mkaidi wao: utaukuta mbele pamoja na mlilana, na utaukuta tena nyuma kabisa, kwenye chumvi kali, umedumaa lakini hai. Mkomafi na msikundazi huegemea nchi kavu, panapojipenyeza maji matamu. Mipaka hii si ya kamba. Huingiliana, na pwani moja si sawa na nyengine. Lakini ukivuka kwenda kisiwa cha Uzi maji yakiwa yametoka, au ukipita ile njia ya mbao pale Pete, kwenye hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, unaweza kuiona kwa macho yako.

Sasa mkoko una kitu kinachowavutia wapandaji. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti. Inarefuka, inaning'inia kama mshumaa mrefu wa kijani, kisha inadondoka tayari ni mche. Huhitaji kitalu, huhitaji mfuko wa plastiki. Unaokota na kuchomeka. Mlilana hauna starehe hiyo: tunda lake ni la mviringo na ndani yake mna mbegu ndogo ndogo za kuhangaika nazo. Basi kila shughuli ya kupanda "mikoko" huwa ni shughuli ya kuchomeka mkoko, popote penye nafasi, na penye nafasi kwa kawaida ni pale mbele penye mchanga mtupu, ambapo hapakuwa na mti tangu mwanzo. Na kama hapakuwa na mti, bahari ilikuwa na sababu yake. Nimeshuhudia shughuli moja ya hivyo, sitaitaja ilikuwa wapi. Watu walivaa fulana mpya, wakapiga picha, wakala pilau. Zilipopita bamvua mbili nilirudi, nikahesabu miche iliyosimama kwa vidole vya mkono mmoja.

Na hata pale mkoko unaposhika, msitu wa mti mmoja si ule uliokuwepo. Mizizi ya matao huficha samaki wadogo kwa namna yake; penseli za mchu hukamata tope kwa namna nyengine; kaa huburuta majani mashimoni, na majani ya mti mmoja huoza mapema kuliko ya mwengine. Hata kima punju wa Jozani, ambao huingia kwenye msitu huu kula majani, wanachagua.

Nirudi kwenye picha ya mwenzangu, maana yeye hakukusudia ubaya, na watoto wale walistahiki kusifiwa. Endelea kusema mikoko ukisimama mbali, au ukiandika barua ya kuomba fedha. Ukishavua viatu na kuingia topeni, tazama chini kabla ya kutazama juu: matao ni mkoko, magoti ni msinzi, penseli ni mchu, na kama penseli zimenenepa mno, basi huo ni mlilana. Mkandaa utakusumbua, kwa sababu mizizi yake haina mbwembwe. Tafuta jani lisilo na ncha kali na mche mwembamba wenye mistari iliyoinuka. Ukishindwa kabisa, muulize bibi yeyote anayeokota chaza hapo karibu.

Na ile duara jekundu, naomba uifute. Miche waliyoshika watoto ndiyo mikoko. Mti ulio nyuma yao ni mchu, na kwa ukubwa ule nadhani ulikuwa hapo kabla ya skuli yao kujengwa.