Mali ya wote si mali isiyo na mwenyewe

Hapa kwetu watu wakiambiwa kitu ni cha wote wanaelewa kila mtu ajichukulie tu, na hapo ndipo tunapoharibu. Umiliki wa shirika, yaani wa watu kumiliki kitu pamoja, una wenyewe wanaojulikana, tena una masharti, mfano kwenye uvuvi, nani avue, wapi, kwa nyavu gani, na anayevunja atafanywa nini. Kile kisicho na masharti yoyote, awahiye ndiye apataye, hicho ni kitu kingine kabisa.

Garrett Hardin wa Marekani mwaka 1968 aliandika kwamba malisho ya wote lazima yaishe, maana kila mchungaji ataongeza ng'ombe wake faida ale peke yake na hasara wagawane. Wengi wakashikilia basi dawa ni mtu kupewa hati yake, au serikali ishike. Lakini alichoeleza ni ile mali isiyo na masharti. Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani naye, alichunguza miaka mingi jamii zinazotunza misitu, maji na uvuvi wao wenyewe kwa makubaliano yao, 2009 akapewa Nobel ya uchumi.

Na hati nayo haitoshi. Angalia vile vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, mvua ikinyesha maji yanazama mle, yanakaa chini matamu juu ya yale ya chumvi kwa sababu ni mepesi, na visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Sasa mtu apate ploti pale, ajenge, achimbe choo, afunge pampu ya nguvu ajaze swimingi puli, ardhi ni yake sawa, lakini akivuta kupita kiasi chumvi inapanda na haipandi kwake tu, mama wa Langoni, mtaa wa mjini Lamu, hana hata ploti huko na chai yake ndo itakuwa ya chumvi. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 69 inampa kila mtu wajibu wa kutunza mazingira, mwenye hati na asiye na hati.

Baharini ni vivyo hivyo. Juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, limepigwa marufuku kwa vile linazoa mpaka vitoto vya samaki na kung'oa nyasi za bahari, na kamati za BMU, yaani za wavuvi wa kila bandari za kusimamia uvuvi, zipo, ila nguvu yao iko pale wavuvi wenyewe wakikubali kumzuia hata mwana wa mtaani mwao. Kwa hiyo uliza bandarini kwenu, juya likiburutwa leo asubuhi nani ana haki ya kulisimamisha, na akisema atasikizwa?